Mtihani wa Kunyamaza

Jina la Honi dada yangu hakupewa na adui. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na mtaa mzima ukalipokea. Kigari chao cha mizigo kilipokuwa kinakuja ungemsikia yeye kabla hujasikia injini: baiskeli kushoto, mama na ndoo kulia, pikipiki hiyo iache ipite, haya, sasa nenda. Alikaa kiti cha abiria, kioo kimeshushwa, mdomo haukai. Shemeji yangu, mume wake, alishika usukani ametulia tuli, akafanya kila alichoambiwa. Madereva wenzake walimhurumia. Muuza spea wa pale kona alimwambia siku moja kwamba mke wa namna ile yeye angemsafirisha nyuma pamoja na mizigo. Shemeji alicheka, akalipia balbu ya taa, akaondoka huku dada anamwambia kuna shimo mbele.

Kazi yetu ni mapazia. Mimi nakata na kupinda, dada anashona marinda na kuzungumza na wateja, kwa sababu mimi wateja huwa nagombana nao. Shemeji alipima madirisha, akatoboa kuta, akafunga bomba za kuning'inizia, na ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye meza ya kukatia, cherehani mbili za umeme, na dirisha linalotazama mahali gari linapoegeshwa. Nyuma ya ukuta wa mbao kuna kijichumba cha bomba na vifaa vya Shemeji. Kila mteja mpya Shemeji alimwambia maneno yale yale: macho hayana pazia, ndiyo maana tunayawekea madirisha. Hata waliokwisha kuyasikia walicheka, maana aliyasema kwa furaha ya mtu aliyeyabuni asubuhi ile.

Vitu niliviona, ila sikuvijumlisha. Shemeji alikuwa akijigonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita miaka yote. Akinyooshewa mkono kutoka pembeni, aliuacha unaelea hewani, na watu wakaanza kusema kwamba fundi siku hizi ana maringo. Dada ndiye aliyekuwa akimgutusha, mpe mkono mzee huyu, naye alishtuka na kuomba radhi kwa maneno mengi. Mimi nilidhani ni uzee unabisha hodi, basi.

Halafu dada akapata mafua, sauti ikamkauka kabisa. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka mapazia kwa daktari wa meno. Mimi nilikaa nyuma nimeyakumbatia yasijikunje. Dada alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akaanza kumpiga Shemeji pajani, mara paja hili, mara lile, na Shemeji akawa anapunguza mwendo, anaongeza, anapunguza. Nilitaka kuuliza kama wamegombana. Tulipofika njia panda ya sokoni, mtu wa mkokoteni akatokea kushoto na magunia ya vitunguu. Nilimwona mimi niliyekuwa nyuma. Dada alimwona, akapiga paja kwa nguvu zote. Shemeji alimwendea mzima mzima. Dada akainuka, akaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likaruka na kuzima.

Gunia moja lilianguka, vitunguu vikatawanyika barabarani. Mwenye mkokoteni alikuwa mzima, Mungu anajua kwa nini, ila alikuwa anatetemeka na kututukana, na matusi yake yote yalikuwa haki yetu. Shemeji akashuka ili amwombe radhi. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, akimtafuta. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni kwake, karibu kiasi cha kugusana viwiko, bado anamtukana. Hapo ndipo nilipojumlisha.

Tuliporudi karakana nilifunga mlango, nikauliza. Dada akatazama sakafu. Shemeji ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kawaida, kana kwamba nimemuuliza bei ya kitambaa. Ni presha ya macho. Mbele anaona vizuri, anaweza hata kusoma maandishi madogo, lakini pembeni kumefungwa, na kila mwaka kunazidi kufungwa. Daktari wa macho alimwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki tu, na usukani auache siku ile ile. Siku hiyo ilikuwa imepita zamani. Tangu wakati huo dada alikuwa ndiye pembeni yake. Yeye anaona, anasema, na mguu wa Shemeji unatii. Gari moja, madereva wawili, na mtaa mzima ukidhani ni mke mwenye kero.

Nilikasirika. Niliwaambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki hakitaanza na wao, kitaanza na mtoto wa mtu aliyetumwa sukari. Shemeji naye akapandisha. Akauliza kazi itabebwa na nani. Gari la kukodi tulishalijaribu, na mapazia meupe ya bibi harusi yakafika yananuka samaki. Halafu hasira ikamwishia, likabaki lile lililokuwa chini yake. Alisema ameendesha tangu ujana wake, kwamba mtu akishamnyang'anya usukani atabaki mtu wa kushikwa mkono na kuvushwa barabara.

Dada alikuwa hana sauti, lakini alinong'ona, na tulimsikia.

"Nitajifunza mimi."

Shemeji alicheka kicheko ambacho sikukipenda. Akasema siku dada atakapomaliza masomo ya udereva na cheti kikatoka, siku hiyo ufunguo atauweka mezani kwa mkono wake. Kabla ya hapo asiambiwe tena na mtu yeyote habari ya macho. Akaingia kwenye kijichumba chake, na kwa mara nyingine bega lake likagonga fremu.

Nilipobaki na dada nilimshauri tuufiche ufunguo, tuseme umepotea. Alinikatalia. Alisema mwanamume aliyenyang'anywa ufunguo atachonga mwingine, lakini aliyeuweka chini mwenyewe hatauokota. Basi ikawa hivyo, na maisha ya watu barabarani yakategemea kasi ya dada yangu darasani. Yeye ambaye hata simu yake nilimwekea saa mimi.

Chuo cha udereva cha mjini kwetu kilikuwa kimeanza utaratibu mpya. Mwanafunzi hakai kwenye gari na mwalimu kabla hajamaliza masomo ya nadharia kwa mtandao, somo baada ya somo, kila moja na maswali yake, na mwisho mtihani mkubwa. Ukifaulu, cheti kinatoka hapo hapo. Nilimwandikisha, nikamwekea laptopu yangu juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na pasi, akawa anasoma mchana wateja wanapopungua.

Masomo yalisomwa na sauti ya mwanamke mpole, naye dada aligombana na mwanamke huyo tangu siku ya kwanza. Swali liliuliza: umechoka na safari bado ni ndefu, utafanya nini? Dada akachagua kuendelea polepole kwa uangalifu. Mwanamke akasema kwa upole kwamba jibu hilo si sahihi, pumzika kwanza. Dada akamjibu kwamba yeye hajawahi kusubiriwa na mama wa bwana harusi. Alama za barabarani alizijua kwa majina aliyozipa mwenyewe: kuna mshona viatu, kuna bibi anateleza, kuna sahani tupu. Ilibidi nimshike mkono azijue kwa majina ya serikali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na dada aliinama, miwani kwenye pua, akirudia somo mpaka mimi niliyekuwa nakata nguo pembeni nikalihifadhi.

Lakini kuna siku alinyamaza. Lilikuwa somo la breki, lenye mchoro wa gari na mstari mrefu unaoonyesha gari linasafiri kiasi gani kabla ya kusimama, tangu dereva anapoona hatari. Sehemu ya kwanza ya mstari ilikuwa ni kufikiri tu, kabla mguu haujagusa kitu. Dada aliutazama mstari ule, akatazama dirishani, kigari kilipokuwa kimeegeshwa. Nilijua anachopima. Wao walikuwa na mstari mmoja zaidi ambao mchoraji hakuujua: dada aone, aseme, Shemeji asikie, ndipo mguu uende. Aliifunga laptopu taratibu, akaenda kubandika chai.

Huku nyuma Shemeji aliendelea kuendesha. Kila walipotoka nilibaki na roho mkononi mpaka nisikie mlango wa gari. Sauti ya dada ilikuwa imerudi, ikawa kali kuliko mwanzo. Na kama vile haitoshi, tukapata kazi kubwa ya hoteli mpya iliyojengwa ng'ambo ya milima, vyumba vyote, ghorofa zote. Barabara ya kule ina kona na malori, na ukungu ukishuka hata mwenye macho mazima anasoma dua. Shemeji alishaanza kuosha vioo vya gari na kupiga mluzi. Mapazia yangekuwa tayari baada ya wiki chache. Dada akazidisha kasi ya masomo.

Maswali ya kuchagua jibu aliyafaulu yote, mpaka mwanamke mpole akamwambia hongera. Ikabaki sehemu ya mwisho, ile ya video. Unaonyeshwa barabara kama vile umekaa kwenye usukani, na kila unapoona hatari inaanza kujitokeza, unabonyeza. Masharti yalikuwa makali. Mtahiniwa awe peke yake chumbani, kamera imwangalie usoni, maikrofoni iwe wazi, na sauti ya mtu ikisikika, awe ni mwingine au ni yeye mwenyewe, jaribio linafutwa. Nafasi zilikuwa tatu. Ukizimaliza unarudi mwanzo kabisa, na kundi litakalofuata.

Mara ya kwanza nilikaa kizingitini nje, nimejaa matumaini. Haikupita hata dakika nikasikia kutoka ndani, kwa sauti ile ile inayojulikana na mtaa mzima: baiskeli kushoto. Halafu kimya. Halafu dada akafungua mlango na kuniambia kwamba kompyuta imemfukuza.

Mara ya pili alijiapiza. Alisema atajikaza kisabuni, hata akimwona mama yetu mzazi anavuka kwenye video ile hatasema neno. Shemeji alikuwa kwenye kijichumba nyuma ya ukuta wa mbao, anapanga bomba, akaagizwa asipumue kwa nguvu. Kukawa kimya kirefu, kizuri, nikaanza kutabasamu. Ghafla nikasikia dada anasema, mtoto huyo, simama. Na papo hapo, nyuma ya ukuta, kishindo. Mguu wa Shemeji ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu ya mtu anayefunga breki, na bomba zote alizozipanga zikaanguka kwa mpigo. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nilipoingia na kuona uso wa dada kicheko kikanikauka.

Niliamua kumfundisha kunyamaza. Zilikuwepo video za mazoezi zisizo na kamera, nikamkalisha mbele ya laptopu, nikamwambia afunge mdomo kwa kiganja cha mkono wa kushoto na abonyeze kwa wa kulia. Mdomo ulifungwa. Lakini kidole hakikubonyeza. Nilimtazama macho: gari lilipotokea uchochoroni macho yake yalikuwa yameshafika, mwenye fimbo alipotaka kuvuka macho yalimwona kabla sijamwona mimi. Kidole kimelala. Video ikaisha na alama ikawa sifuri.

Nikamuuliza kama hakuona. Akasema ameona vyote, ila alikuwa anangoja asimame. Nikamuuliza anangoja nani asimame. Hapo nikajuta kuuliza.

Kumbe mdomo haukuwa ugonjwa wenyewe. Kwa miaka yote ile yeye alikuwa macho, na mguu ulikuwa wa mtu mwingine. Mazoea yana taabu. Tulirudia mchana kutwa, akaona kila kitu na hakusimamisha chochote. Hatimaye akasukuma laptopu, akavua miwani, akasema mambo hayo ni ya vijana na yeye ameshindwa. Kazi ya hoteli ilikuwa imefungwa kwenye mifuko, imepangwa ukutani, na safari ilikuwa wiki iliyofuata. Nilibembeleza, nikafoka, nikamwita mwoga. Alikuwa analia bila kujificha, na mimi dada yangu sijazoea kumwona analia.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa kijichumba, sijui tangu lini. Nataka ieleweke vizuri hali ilivyokuwa. Yeye hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa kimya tu, mke wake angeshindwa, na usukani ungebaki wake. Alikuja akifuata ukingo wa meza kwa vidole, akavuta kiti changu, akaketi mbele ya cherehani ya dada. Kwa ncha ya kiatu akagusa pedali yake.

"Ukishona hapa, kitambaa kikijikunja, unafanya nini?"

Dada akapangusa uso. "Naondoa mguu."

"Nani anakwambia uondoe?"

"Hakuna."

"Unasema kwanza?"

Dada akatikisa kichwa. Shemeji akakumbuka pengine kwamba hawezi kuliona jibu lile kutoka pale alipokaa, akageuka mpaka uso wake ukamkabili mkewe.

"Basi kwenye hizo video mimi simo, mke wangu. Usiningoje."

Nilitoka nje. Kwa kawaida mtu huyu hawezi kumaliza sentensi tatu bila mzaha, na siku ile hakutia hata mmoja. Nilisimama karibu na kigari nikajifanya nakagua tairi. Nilimpenda shemeji yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote atakayesema ana maringo.

Mara ya tatu ilikuwa kufa kupona. Dada hakukaa tena kwenye meza ya kukatia. Aliiweka laptopu juu ya cherehani yake, akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, mguu juu ya pedali iliyochomolewa umeme. Halafu akachukua pini, akazibana midomoni safu nzima, kama anavyofanya anapokamata marinda. Ndio wakati pekee katika siku ambao dada yangu huwa kimya, wateja wa zamani wanajua na huutumia kumwomba punguzo. Kamera ikamwamuru ageuke kushoto, ageuke kulia, ikaridhika. Juu ya pini haikuwa na neno.

Shemeji safari hii nilimtoa nje kabisa, mbali na sakafu. Tulikaa kizingitini bega kwa bega. Ndani hakukusikika kitu, ila ile ta, ta, ya kubonyeza, na kwa mbali pedali ikishuka na kupanda. Shemeji akawa ananinong'oneza kila mara, amesema? Nikamjibu, hajasema. Watu walipita, wakatusalimu, hatukuitika. Muuza spea alikuja kuuliza kuna msiba gani, nikamfukuza kwa mkono. Jasho jembamba lilikuwa linanitoka mahali ambapo sikujua panatoka jasho.

Mlango ukafunguliwa. Dada alisimama pale, pini zote midomoni, macho yamejaa maji, hasemi. Nikamuuliza, nikamuuliza tena. Akainua kidole nisubiri. Akatoa pini moja, akaichomeka kwenye kile kifuko cha pini anachofunga kifundoni mwa mkono. Akatoa ya pili. Nilitaka kumtikisa zitoke zote kwa pamoja. Zilipokwisha, akavuta pumzi.

"Nimepita."

Nilipiga kelele iliyomtoa kinyozi dukani kwake na wembe mkononi. Simwombi mtu radhi kwa kelele ile. Tulikwenda kuchapisha cheti, na nilihakikisha tunapita njia ndefu, ile yenye madereva wote waliokuwa wakimcheka. Mbele ya duka la spea nilikifungua kikauke wino, ingawa kilikuwa kikavu. Muuza spea akakisoma mwanzo mpaka mwisho, akasoma na maneno madogo ya chini, akauliza kama kweli Honi amefanya mtihani wa kimya. Nikamwambia akitaka kujua ukimya ni nini ajaribu yeye. Dada alitembea katikati ya barabara ile kichwa juu, na siku hiyo aliyesema maneno mengi nilikuwa mimi.

Tulipofika karakana, Shemeji aliniomba nimsomee, ingawa maandishi yaliyo mbele yake angeweza kuyasoma mwenyewe. Nikamsomea. Akaniomba tena, nikarudia, polepole, jina kamili la dada na neno amehitimu. Akaupeleka mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaushika kidogo kwenye kiganja. Akautafuta ukingo wa meza kwa mkono mwingine, akauweka katikati kabisa, mahali ambapo hautaanguka.

"Ahadi ni deni," akasema, akatoka.

Tulimwona dirishani. Alizunguka gari lote akiligusa kwa mkono, akapandisha vioo, akafunga milango. Kisha akasimama mbele ya boneti muda mrefu. Nilitaka kumfuata. Dada akanizuia, akasema kuna mambo mtu anaagana nayo peke yake. Ushindi wetu ulikuwa na kidonda ndani yake na sote watatu tulikijua, lakini ulikuwa ushindi. Hakuna aliyeugusa ufunguo ule mpaka kesho yake.

Mwenye hoteli tulimpigia simu atume lori lake. Alinung'unika, akalituma. Kigari kilikaa wiki nyingi bila kwenda popote, kikajaa vumbi, na dada akaanza masomo ya barabarani na mwalimu wa chuo, mtu mwembamba asiyependa kuongea. Kwenda mbele dada alikuwa hana mpinzani. Mwalimu alikiri kwamba ile breki yake ya upande wa pili hajaigusa tangu aanze na mama huyu. Kurudi nyuma lilikuwa balaa lingine. Zile koni za plastiki za kuegeshea alizikanyaga mpaka mwalimu akawa anaziokota bila hata kusema. Lakini alizoea, na siku ya mtihani wa askari alirudi nyuma kama aliyezaliwa akitazama kioo. Leseni ikatoka. Alinipa niishike nikiwa nimenawa mikono.

Safari ya kwanza ya maana ikawa kule kule hotelini, ng'ambo ya milima, maana walikuwa wameongeza ukumbi. Dada usukani, Shemeji kiti cha abiria, mimi nyuma na mapazia. Shemeji alikaa mkao wa mgeni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea dada atakapoanza kufundishwa. Hakufundishwa. Tulipita mjini, tukapita mzunguko wa barabara, tukaanza kupanda. Lori likatukuta konani, dada akalipisha bila neno, akaendelea. Ukungu ulikuwepo, akawasha taa, akapunguza mwendo.

Tulipofika karibu na kilele nikaona kichwa cha Shemeji kimeegemea kioo. Nikaogopa, nikadhani anaumwa. Nikainuka, nikamshika bega. Alikuwa amelala. Amelala usingizi mzito, mdomo wazi, anakoroma.

Nikamwambia dada, huyu mtu wako amelala. Alimtupia jicho mara moja, akarudisha macho barabarani. Akakata kona mbili au tatu.

"Alikuwa akirudi nyumbani shati limelowa mgongoni, anasema ni joto," alisema. "Hata msimu wa baridi. Alikuwa anaogopa kila siku, na mimi nilikuwa najua."

Nililia pale nyuma, juu ya mapazia ya watu, nikawa nayapangusa kwa kiganja yasipate doa. Dada aliendesha. Penye matuta alipita taratibu sana, na Shemeji hakugutuka hata mara moja.

Tulipofika aliegesha kivulini, akashusha kioo kidogo ili hewa iingie, akazima injini. Hatukumwamsha. Mapazia tuliyabeba wenyewe, na ngazi tukapanda wenyewe.